Mfinyanzi Hulia Gaeni Hadi Lini?

Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Anayewapa watu vyombo vizuri, yeye mwenyewe hubaki na kipande cha chungu kilichovunjika. Methali hii tumeizoea mno hata tumesahau kuwa ndani yake mna lawama, tukaichukua kana kwamba ni kanuni ya dunia. Katika pwani ya Kilwa na Lindi lawama hiyo inawahusu wanawake kwanza, maana ndio wanaofinyanga, ndio wanaosuka ukili na kushona mikeka, na ndio ambao kazi zao hutumika kila siku pasipo mtu kuuliza ni mkono wa nani. Mwanamume akichonga mpingo tunamwita msanii. Mwanamke akiumba mtungi tunasema mama fulani anauza vyungu. Nasema kazi zote mbili ni sanaa, na kumnyima mmoja jina lake ni dhuluma inayotupotezea mali yetu wenyewe.

Ushahidi wa kwanza umo katika ardhi ya Kilwa. Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye msafiri Ibn Battuta alimkuta akitawala mwaka 1331, aligonga jina lake katika sarafu ndogo za shaba, na moja ya sarafu hizo imeokotwa mbali sana, katika magofu ya Zimbabwe Kuu. Kwa sababu ya jina lile tunamjua hata leo. Mwanaakiolojia Neville Chittick alipochimba Kilwa Kisiwani miaka ya 1960, alikuta vigae vya vyungu vilivyofinyangwa hapa hapa kwa wingi kuliko vyombo vilivyotoka China na Uajemi. Mji ule ulipika, ukala na ukahifadhi maji yake katika kazi ya mikono ambayo, kwa desturi ya ufinyanzi tunayoijua kusini, yaelekea ilikuwa ya wanawake. Hakuna hata mmoja tunayemjua. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alishuka Lindi, akapanda hadi Newala, akaeleza kwa makini jinsi mwanamke anavyoinua chungu kwa vidole bila gurudumu. Kitabuni mwake aliweka picha ya mfinyanzi, na maelezo ya picha yanamtaja kuwa ni mwanamke wa Kimakua, basi. Kabila limeandikwa, na mtu amepotea.

Sasa tutazame wanavyofanya wengine. Magdalene Odundo alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akaenda kusoma sanaa Uingereza. Angeweza kufuata mitindo ya huko, lakini alikwenda Abuja, Nigeria, akajifunza kwa wanawake wafinyanzi waliojenga mitungi kwa mkono na kuisugua hadi ing'ae. Leo mitungi yake imo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London. Miongoni mwa wafinyanzi wa Abuja alikuwamo Ladi Kwali, na Nigeria imeweka picha yake katika noti ya naira 20. Karibu zaidi nasi yuko Reinata Sadimba, Mmakonde aliyezaliwa mwaka 1945 katika uwanda wa Mueda, ng'ambo ya Mto Ruvuma, na aliyeishi Tanzania miaka kadhaa kabla ya kurudi Msumbiji mwaka 1992. Ufinyanzi aliupata kwa mama yake, wala si chuoni. Vyombo vyake vimegeuka watu wenye chale za Kimakonde, na mara nyingi huvipaka kinywe, madini yale yale yanayochimbwa Ruangwa, mkoani Lindi. Udongo ni ule ule, kinywe ni kile kile, na mkono ni wa ndugu zetu. Kilichoongezeka ni watu kukubali kumwita kwa jina.

Tena yuko msanii Lubaina Himid, mzaliwa wa Zanzibar mwaka 1954, ambaye mwaka 2017 alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kupata Tuzo ya Turner ya Uingereza. Katika kazi yake ya mwaka 2004 alisimamisha ukumbini sanamu bapa 100 za Waafrika waliotumikishwa katika majumba ya wakubwa wa Ulaya, mtazamaji akapita katikati yao, na kila mmoja akampa jina lake la asili pamoja na lile alilobandikwa na bwana wake. Watu wa Kilwa Kivinje hawahitaji kufafanuliwa maana ya jambo hilo. Bandari yao katika karne ya 19 ilipakia maelfu ya watu walioingia chomboni wakiwa na majina na kushuka wakiwa bidhaa. Mahali palipopotezewa majina kiasi hicho pana wajibu mkubwa kuliko pengine wa kuyatunza.

Atatokea wa kusema kuwa chungu na mkeka ni vyombo vya kazi, si sanaa. Nami namuuliza: mlango wa nakshi haufunguliwi na kufungwa kila siku? Mbona hakuna anayemkana fundi wake? Mwingine atasema kwamba sanamu hazipendezi kwa waumini wengi wa pwani. Hoja hiyo ina heshima yake, wala haitupingi, kwa kuwa mkeka hauna sura ya mtu, na Msikiti Mkuu wa Kilwa umestaajabiwa karne nyingi kwa kuba na matao yake tu. Wa tatu atasema watu wana njaa, sanaa ya nini? Ajue kwamba mnunuzi asiyemjua mtendaji hulipa bei ya chombo, na anayemjua hulipa bei ya mkono. Wa nne atakumbusha kuwa Odundo na Himid walitunzwa ughaibuni. Ni kweli, na hiyo ndiyo aibu yetu, sisi tunaosema kila siku kuwa mcheza kwao hutunzwa.

Basi, ndugu msomaji, tufanye yaliyo ndani ya uwezo wetu. Mfinyanzi achore alama yake chini ya chungu kabla hakijakauka. Muuza mikeka aandike jina la mshonaji na kijiji chake. Walimu wa Kilwa, Lindi na Mchinga wawaite kinamama hawa darasani wafundishe, na walipwe kama wanavyolipwa mafundi. Wanaowatembeza wageni katika magofu wawaonyeshe kigae cha mwenyeji sambamba na kauri ya China, kisha wawapeleke kwa mfinyanzi aliye hai. Na nyumbani, binti anayesuka ukili aambiwe kuwa anachokifanya ni elimu. Wafinyanzi wa kale hatuwezi tena kuwapa majina yao, lakini hawa wa leo tunao. Udongo uwahi ungali maji.