Programu ilisema mzigo umeondoka, mzigo uko chini ya meza



Swali ninaloulizwa kuliko yote, kuliko hata "viatu unachukulia wapi", ni hili: nitumie programu gani kupangilia oda zangu? Leo nalijibu, na najua wengine hamtalipenda jibu. Kama oda unazipoteza ukiwa na daftari, kwenye programu utazipoteza vilevile. Tofauti ni kwamba huko zitapotea zikiwa na tiki ya kijani, na wewe utaiamini ile tiki.

Sijaitunga hii. Imenikuta.

Nauza viatu vya kike, niko Dar. Nilianza na pea sita baada ya kumaliza kidato cha nne, napiga picha juu ya kitanda, natupia status. Sasa hivi nina fremu ndogo na mdogo wangu ananisaidia. Wateja wangu wengi wako mikoani, kwa hiyo ukiniuliza kazi yangu ni nini, nusu yake sio kuuza, ni kusafirisha. Mzigo ufungwe, bodaboda aufikishe stendi Mbezi, ofisi ya basi itoe risiti, mimi nimtumie mteja picha ya risiti. Ukikwama hatua mojawapo, mteja haoni kitu, na hela yake unayo.

Mwaka juzi nikaingiwa na wazimu wa programu. Nilikuwa naangalia zile video za watu wana meza nyeupe, kikombe cha kahawa, kila kitu chao kiko kwenye kompyuta. Nikasema na mimi nitakuwa siriasi. Nikapakua programu ya oda, ya stoku na ya kupangilia siku. Jumapili nzima naingiza viatu, kila pea na namba yake, napaka rangi: oda mpya njano, iliyolipiwa bluu, iliyokamilika kijani. Jioni nimechoka kabisa, najiona nimepiga kazi kweli. Viatu nilivyouza siku hiyo? Hakuna. Hata meseji za wateja sikujibu, nilikuwa nachagua aina ya bluu.

Basi akaja dada mmoja wa Mbeya, mteja wangu wa muda mrefu. Mdogo wake alikuwa na send-off Jumamosi, akataka pea 12 za kufanana kwa ajili ya wasindikizaji. Pea moja 18,000, jumla 216,000, na 10,000 ya basi. Akalipa yote Jumanne. Alhamisi mchana nikafunga mzigo, nikashika simu, nikaisogeza ile kadi yake kwenda kwenye kijani: imekamilika. Nikaendelea na mengine.

Ijumaa asubuhi anapiga, yuko stendi, mzigo hauonekani. Mimi nafanya nini? Nafungua programu. Kijani. Nikamwambia kwa kujiamini kabisa, "Dada mzigo umeondoka jana, waulize vizuri hapo ofisini." Akawauliza. Akarudi nyumbani, akaenda tena mchana, akawauliza tena, wakagombana. Mara ya nne ananipigia nikawa hata na ukali kidogo, kwa sababu mimi ninao ushahidi bana, kijani hii hapa.

Saa nne usiku tunafunga, mdogo wangu anapiga deki, fagio linagonga mfuko chini ya meza. Pea 12. Mabasi ya usiku yameshaondoka, na basi la alfajiri lingefika Mbeya sherehe ishaanza. Nikampigia, nikamrudishia hela yake yote na ya kutolea. Hakunitukana. Aliniambia tu, "Ungesema subiri nikaangalie." Nimekaa na hiyo sentensi hadi leo.

Maana kweli, ningekuwa na daftari tu ningemwambia subiri nikaangalie. Ningeinama chini ya meza, ningeuona mzigo saa tatu asubuhi, na basi la kuufikisha Jumamosi ningelipata. Ile rangi ndo iliyonizuia kuinama.

Najua mtu atasema, programu haina kosa, wewe umesogeza kadi kabla ya wakati. Ni kweli kabisa. Ila sikiliza, nilisogeza kadi kwa sababu sikuwahi kuamua "imekamilika" maana yake nini. Imefungwa? Imefika stendi? Mteja ameshika mkononi? Kichwani kwangu ilimaanisha hivi asubuhi na vile jioni, na kwa mdogo wangu ilimaanisha kingine kabisa. Programu haikuuliza. Ilipokea tu nilichobonyeza.

Baadaye nikafuatilia huu mpangilio wa kadi za kusogeza umetoka wapi, maana uko kwenye programu nyingi. Trello kwa mfano, iliyotoka mwaka 2011, imejengwa hivyo (sio niliyokuwa natumia mimi, ila ni ndugu). Kumbe asili yake ni kiwanda cha magari cha Toyota kule Japani. Miaka ya 1950 kulikuwa na mtu anaitwa Taiichi Ohno, yeye na wenzake walikuwa wanatumia kadi za kweli, za kushika, zinakaa pamoja na boksi la vipuri. Vipuri vikitumika, kadi inarudi nyuma kuomba vingine. Yaani kadi ilikuwa inatembea kwa sababu mzigo umeguswa. Kwangu mimi kadi ilitembea, mzigo umelala. Tumechukua picha ya ile kazi, kazi yenyewe tukaiacha Japani.

Na kuna jambo hawalisemi kwenye zile video. Programu iko ndani ya simu yangu, na simu ninayo mimi. Nikienda kuchukua mzigo Kariakoo, mdogo wangu dukani hajui nani kalipa, nani anasubiri. Daftari liko mezani, limefunguka, hata bodaboda akiingia anaweza kusoma "Mbeya, bado". Pia nikifungua simu kuandika oda nakutana na meseji 14, na mtu anaomba punguzo, na video ya mtu anaanguka kwenye harusi. Nikirudi kwenye oda nimesahau ni saizi 38 au 39. Daftari halina video.

Sasa msije mkasema huyu dada anapinga teknolojia. WhatsApp Business naitumia kila siku na sirudi nyuma. Yale majibu ya haraka, unahifadhi ujumbe mara moja, halafu ukiandika ule mkwaju tu unakuja wote: bei, saizi zilizopo, utaratibu wa kutuma mikoani. Nilikuwa naandika ujumbe uleule mara thelathini kwa siku, kidole kinauma. Sasa hivi sekunde. Katalogi nayo imenipunguzia maswali ya "hicho cha juu kushoto bei gani". Mimi nilikuwa nayafanya haya kwa mkono, yaleyale, kila siku, na yalikuwa sawa tayari. Programu ikanibebea.

Na Excel imenifumbua macho, hilo nakiri. Kila mwisho wa mwezi nachukua jumla kutoka kwenye daftari, najaza: nimeuza pea ngapi za aina gani, nimenunua kwa bei gani, bodaboda, vifungashio, bando. Ndo nikagundua sandozi fulani ninazozipenda, zinazotoka haraka kuliko zote, zilikuwa zinaniachia 1,500 kwa pea, na nikipeleka kwa bodaboda ya kuchangia na mteja nabaki na sifa tu. Nilikuwa nazitangaza kila siku! Kichwa changu kisingeliona hilo, maana kichwa kinahesabu hela inayoingia. Kwa hiyo hesabu, mpe mashine. Ila ona, Excel inakula kilichoandikwa kwenye daftari. Siku nisipoandika, inanipa jibu zuri la uongo.

Kwa mwenye maduka mawili na wasaidizi watano jibu linaweza kuwa tofauti, hawezi kuwaonyesha wote daftari moja. Ila wengi wetu hapa ni mtu mmoja na nusu. Kabla hujalipia programu ya kila mwezi, kaa wiki moja na karatasi uone oda zinapotelea hatua ipi hasa. Mimi zilikuwa zinapotelea kati ya kufunga na risiti. Ukiniuliza kabla ya ile Ijumaa ningekwambia tatizo langu ni stoku.

Leo tunafanya hivi. Tunakata vipande vya boksi la viatu, tunaandika jina, mkoa na namba ya simu, tunakifunga kwenye mzigo kwa kamba. Hakitoki hapo mpaka bodaboda atume picha ya risiti ya basi. Picha ikifika, tunapiga mstari kwenye daftari. Kipande chenyewe kinaondoka na mzigo, na asubuhi kabla ya kufungua, mdogo wangu anahesabu mizigo iliyo sakafuni na majina ambayo hayajapigwa mstari. Visipolingana hatufungui. Inachukua dakika tano, na hatujapoteza mzigo tangu tuanze, ingawa kuna mmoja wa Singida tuliupeleka kwenye basi la Songea, hiyo ni stori nyingine.

Dada wa Mbeya hajanunua tena kwangu. Anaangalia status zangu, namuona jina lake.

Mdogo wangu ameniomba tujaribu tena programu ya oda mwakani, tukipata meza ya pili. Nimemwambia sawa, ila yeye ndo atakayeandika kwanza kwenye karatasi neno "imekamilika" maana yake nini, tulibandike ukutani. Bado tunabishana. Yeye anasema ni risiti ya basi. Mimi nasema ni mpaka mteja ajibu amepokea.