Mordekai Alitembea Kila Siku

Binti mmoja wa usharika wetu alipopata nafasi ya kusomea uuguzi Ujerumani, tulimwita mbele ya madhabahu. Wazee wa kanisa walimwekea mikono. Kwaya ya vijana, aliyokuwa akiimba sauti ya pili tangu amalize kipaimara, iliimba huku wengine wakifuta machozi. Baada ya ibada tulifanya mnada kwa ajili ya nauli yake: mikungu ya ndizi, mayai, maziwa, jogoo. Jogoo mmoja aliuzwa mara tatu, kila aliyemnunua akimrudisha auzwe tena. Siku hiyo hakuna aliyesema "binti wa fulani". Wote tulisema "binti yetu".

Mwaka wa pili picha zikaanza kutufikia kwenye simu. Katika mojawapo alikuwa amenyoa kichwa, amevaa suruali ya kubana na koti refu jekundu, kucha ndefu, midomo imepakwa rangi, na ngozi yake ikaonekana nyeupe kuliko tulivyomzoea. Pembeni yake alisimama kijana wa Kizungu anayecheka. Picha hiyo ilipita jumuiya zote kabla ya Jumapili. Ibada ilipoanza, hukumu tatu zilikuwa zimekwisha kutolewa: ameiacha imani, anaishi na mwanamume, anatumia mkorogo. Katika watu wote waliotazama picha ile, hakuna hata mmoja aliyekuwa amempigia simu.

Kisha bibi yake akafariki. Binti alifika siku nne baada ya mazishi, maana nauli na ruhusa ya kazini havikupatikana mapema. Jumapili alikuja kanisani, akaketi benchi la nyuma. Ilikuwa ibada ya Chakula cha Bwana. Aliposimama kwenda kupokea, mzee mmoja wa kanisa alimwendea, akamnong'oneza kwamba ni vizuri asubiri mpaka atakaporudi kundini. Alirudi kuketi. Kabla ya baraka ya mwisho alikuwa ameondoka.

Sisi wachungaji tulikuwa hatua chache tu kutoka pale, kikombe mkononi. Tuliona, na tukanyamaza. Tunaandika makala hii kwa sababu ya ukimya ule, na hatutaki msomaji adhani kwamba tunawasema wengine huku sisi tukiwa safi.

Wiki ile tulikwenda nyumbani kwao, tukaketi, tukauliza. Mambo tuliyoyasikia yangeweza kusikika miaka miwili nyuma kwa vocha ya shilingi elfu moja. Nywele alizinyoa kwa sababu kusukwa kule kunakula sehemu kubwa ya posho ya mwanafunzi, na zamu ya asubuhi katika nyumba ya kulelea wazee inamtaka aamke saa kumi usiku. Kucha zile ni za kubandika. Alizibandika kwa mapumziko ya siku mbili akazitoa, kwa kuwa muuguzi anayewaosha wagonjwa haruhusiwi kufuga kucha. Koti ni la mtumba. Ngozi ilikuwa imefifia kwa miezi ya baridi, ambapo mwezi wa Desemba jua huzama yapata saa kumi jioni. Na yule kijana ni mwanafunzi mwenzake wa darasa, siku walipofaulu mtihani wa mwaka wa kwanza.

Lakini tuwe waangalifu hapa. Je, angekuwa amenyoa kwa kupenda tu? Angekuwa amenunua koti jipya kwa fedha yake kwa sababu linapendeza? Bado tungekuwa tumekosa. Hatuandiki ili kumsafisha binti huyu kwa kuonyesha kwamba alikuwa na sababu. Tunaandika kwa sababu mahakama ile tuliyoiketisha haikuwa yetu kuiketisha.

Tuanze na Amri ya Nane. Watoto wetu wa kipaimara wanaikariri pamoja na maelezo yake katika Katekismo Ndogo ya mwaka 1529. Luther hakutosheka kutukataza kusema uongo juu ya jirani. Alitudai zaidi: tumtetee, tumseme vema, na mambo yake tuyaeleze kwa upande ulio mwema. Sasa tupime. Picha moja inaweza kuelezwa kwa njia kumi. Sisi tulichagua ile iliyo mbaya kuliko zote, tukaipitisha kwa jirani, tukaongeza chumvi. Mtoto wa kipaimara anayeshindwa kukariri amri hiyo tunamrudisha nyumbani akajifunze tena. Mtu mzima anayeivunja kwa simu yake mbele ya mlango wa kanisa tunampa kiti cha mbele.

Wapo watakaotuletea Waraka wa kwanza wa Petro, sura ya tatu, unaosema juu ya kusuka nywele na kujitia dhahabu. Tunaujua, tumeuhubiri. Ila tuusome kwa haki. Petro anawaonya wanawake wasiweke uzuri wao wote katika pambo la nje, akawaelekeza kwenye utu wa ndani. Kama maneno hayo ni sheria ya saluni, basi safu ya kwanza ya kila kwaya yetu imeivunja, maana imesukwa, na pete za ndoa tunazozibariki wenyewe ni za dhahabu. Tena ajabu ni kwamba Petro anataja kusuka, nasi tulimhukumu binti aliyeacha kusuka! Hapo ndipo inapoonekana kwamba Biblia haikuwa chanzo cha hukumu yetu. Tulikwisha kuhukumu, ndipo tukaenda kuitafuta Biblia itusindikize.

Na kichwa kilichonyolewa kimekuwa dhambi tangu lini? Sisi wenyewe tulimnyoa binti huyu shuleni miaka mingi kwa jina la usafi na nidhamu, kama shule zetu nyingi zinavyofanya kwa wasichana. Mwaka 2007 Flaviana Matata aliiwakilisha Tanzania katika shindano la Miss Universe kule Mexico, kichwa kimenyolewa, akaingia kumi bora. Baadaye alifanya kazi ya uanamitindo New York, na taasisi yenye jina lake inawasaidia wasichana wa nchi hii kusoma. Leo tunamtaja kwa fahari. Upara ni uleule. Tofauti ni kwamba mmoja amefanikiwa mbele ya macho ya dunia, na mwingine anawabadilisha wazee nepi usiku katika mji ambao hatuwezi hata kuutamka. Basi tulichokuwa tukipima ni mafanikio, tukayaita maadili.

Wengine husema, "Hatukatai mavazi, tunakataa vya kigeni." Tunawaomba watazame madhabahuni. Joho jeusi la kichungaji lilitoka Ujerumani. Kola nyeupe shingoni mwetu haikubuniwa Machame wala Bukoba. Wamisionari wa Leipzig walipofika Kilimanjaro mwaka 1893 walikuja na Injili, na walikuja pia na suruali. Tumezivaa zote mbili bila kuona kwamba tumepotea. Binti yetu anapovaa suruali kule kule Ujerumani, kwenye baridi ya kugandisha maji, ndipo tunakumbuka utamaduni.

Vazi ni kipawa. Luther, akieleza sehemu ya kwanza ya Imani, anataja hata nguo na viatu kati ya mambo ambayo Mungu Muumba hutupa kila siku. Msichana anayejitazama kwenye kioo akaona amependeza, akamshukuru Mungu, hajaiba kitu cha mtu.

Tuna kosa lingine linalofanana na hili, nalo linaumiza pengine zaidi. Picha ileile iliyohukumiwa asubuhi, jioni inaombwa mchango. Mabati ya nyumba ya parish worker, harusi ya binamu, sare za kwaya, yote yanatumwa kwake, na mwisho wa ujumbe tunaandika "Mungu akubariki". Anapochelewa kujibu tunasema amekuwa Mzungu. Tumeulizana hata kama anatoa sadaka. Wapendwa, Ujerumani mshiriki wa kanisa aliyeandikishwa na anayelipa kodi ya mapato hukatwa pia kodi ya kanisa, asilimia 8 au 9 ya kodi ile, kutegemea jimbo analoishi. Atakapoanza kulipwa mshahara kamili atakatwa kabla fedha haijamfikia mkononi. Wangapi kati yetu wangebaki kwenye daftari la usharika kwa utaratibu huo?

Tunajua jibu litakalotolewa: "Basi tunyamaze kijana akipotea?" Hapana. Hatari za ugenini ni za kweli. Upo upweke unaomfanya mtu amwamini yeyote anayemwita kwa jina. Wako wanaoshika pasipoti ya msichana wakamfanya mtumwa. Iko krimu ya kung'arisha ngozi, na hiyo haihitaji mtu avuke bahari, kwa kuwa inauzwa mitaani kwetu ingawa vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini. Zebaki huharibu figo. Ndiyo maana Bwana alitupa utaratibu katika Mathayo 18. Kwanza umwendee ndugu yako, wewe na yeye peke yenu. Asiposikia, chukua mmoja au wawili. Mwisho kabisa, liambie kanisa. Sisi tuliligeuza. Tuliliambia kanisa kwanza, tukawaita wawili watatu watoe maoni, na mwenyewe tukamwambia mwisho, kwa kumnong'oneza, mbele ya Meza ya Bwana.

Iko hadithi tunayoipenda, ya binti yatima aliyechukuliwa katika nyumba ya mfalme wa kigeni. Kwa Kiebrania aliitwa Hadasa. Kule Shushani alijulikana kwa jina la Esta. Kwa miezi kumi na miwili alipakwa mafuta na manukato: miezi sita mafuta ya manemane, miezi sita vitu vizuri vya kuwapamba wanawake. Hakuwaambia watu kabila lake. Kama picha za Esta za mwaka ule zingefika katika jumuiya zetu, tungemwandika nini?

Mordekai, aliyemlea, alifanya jambo moja, nalo limeandikwa katika mstari mfupi ambao wengi tunaupita, Esta 2:11. Kila siku alitembea mbele ya ua wa nyumba ya wanawake apate kujua hali ya Esta na yatakayompata. Kila siku. Hakuna mahali tunapoambiwa kwamba aliuliza habari za mafuta yake.

Ndiyo maana baadaye, maangamizi yalipoamriwa, Mordekai aliweza kumpelekea Esta neno gumu kuliko lote: asidhani ataokoka kwa kuwa yumo katika nyumba ya mfalme. Esta alilipokea. Hakujibu kwa hasira. Aliomba watu wake wafunge siku tatu kwa ajili yake, kisha akaenda kuhatarisha maisha. Neno gumu lilipokelewa kwa sababu miguu ya aliyelituma ilikuwa imechakaza njia ya kwenda kuuliza hali. Asiyetembea njia hiyo hana haki ya kuonya. Ana sauti tu.

Kwenu mabinti mlio mbali, tuna neno moja, nasi tunalisema kwa unyonge. Msitutumie sherehe peke yake. Tumeni pia picha ya sare ya kazi na miguu iliyovimba baada ya zamu. Wadogo zenu wanaona koti jekundu bila kuona saa kumi usiku, na wako wanaokopa fedha za kuwafuata kwa sababu hiyo. Ila tunaelewa kwa nini mlificha. Anayejua kwamba atahukumiwa hujifunza kupiga picha vizuri.

Kwetu tuliobaki, yako mambo ya kufanya kabla ya mwaka huu kwisha. Kila jumuiya iandike majina ya watu wake walio nje, na mtu mmoja apewe jukumu la kumpigia kila mmoja wao mara moja kwa mwezi, na katika simu hiyo neno "mchango" lisitajwe. Anayeondoka apewe barua ya utambulisho kwa usharika wa kule aendako, ili siku ya msiba awe na mchungaji wa kumgongea mlango. Anayerudi likizo tumwombe asimame, atueleze amewaonaje watu wa Mungu wa huko. Na mzee wa kanisa yeyote asimzuie mtu Mezani kwa ajili ya nywele au picha. Akifanya hivyo, mchungaji aliye na kikombe mkononi afungue kinywa chake, jambo ambalo sisi hatukulifanya.

Binti yetu alirudi Ujerumani. Kabla hajaondoka tulimwomba msamaha sebuleni kwao, mama yake akiwepo, tukampa mkate na divai pale pale juu ya meza yenye kitambaa cha kufumwa. Mzee yule wa kanisa alikuja pia, kwa hiari yake, akalia. Sasa ndiye anayempigia simu kila mwezi. Juzi alitueleza kwamba mwaka wa tatu ni mgumu, kwamba yule bibi kikongwe aliyekuwa akimhudumia amefariki akiwa amemshika mkono, na kwamba baridi imeanza. Tulimwuliza kama nywele zimeota. Alitushangaa. Alisema hakukumbuka kuuliza.