Otogaida haitibu stendi iliyokaa vibaya

Jamani leo niacheni niseme, maana limenikaa kooni. Kila kijana anayeanza kupiga picha za nyota akilalamika kwamba zimetoka michirizi, anajibiwa: nunua otogaida! Tena ile ya bei mbaya, kiboksi kinachofanya "kila kitu chenyewe". Rafiki yangu hapa Dar kakopa hela, kanunua. Sasa nyota ya katikati ni duara safi, za pembeni zote zimepinda kama zinamzunguka bibi harusi.

Otogaida ina kazi moja. Kamera ndogo inakodolea macho nyota moja, ikisogea inaiambia mota irudishe. Kwa makosa ya gia za stendi inafaa sana, siibishii. Lakini mhimili wa stendi usipoelekea ncha ya anga, ile nukta ambayo nyota zote huonekana kuizunguka, otogaida itaishika nyota yake na picha nzima itazunguka hapo.

Na hapo ndipo maelekezo ya Ulaya yanapotupoteza. Eti tazama Nyota ya Kaskazini! Dar iko karibu digrii 7 kusini ya ikweta, nyota hiyo iko chini ya upeo wa macho. Ncha yetu ya kusini nayo iko digrii 7 tu juu ya upeo, kwenye ukungu na taa za jiji, na Sigma Octantis iliyo jirani yake ni hafifu mno. Ukikosea digrii 1, nyota inaweza kuhama sekunde 15 za pembe kila dakika. Kwa darubini ya milimita 500 na pikseli za maikroni 3.75, hizo ni kama pikseli 10. Mfereji huo!

Kwa hiyo otogaida iache kwanza. Subiri Mintaka, ile nyota ya mkanda wa Orion, ifike karibu na utosi. Mota ikiwa inazunguka, itazame: ikihama kaskazini au kusini, sogeza stendi kidogo kushoto au kulia. Kisha chukua nyota iliyo chini mashariki, hiyo urekebishe kwa kupandisha au kuteremsha mhimili. Saa nzima itakwisha, mbu watakula, na hutatoa hata senti.

Ndipo ununue. Kamera ndogo ya USB inatosha, na PHD2 kwenye laptopu uliyonayo. Programu hiyo ni ya bure na ina kifaa cha kukusaidia zoezi hilo hilo la Mintaka. Kiboksi kina raha yake shambani pasipo umeme, nakubali, laptopu inakula betri. Ila mwenye stendi ya mota na lenzi ya milimita 50, anayepiga sekunde 30 mara nyingi kisha anaziunganisha, otogaida ya nini?

Jumamosi mwezi haupo. Nakwenda na rafiki yangu Bagamoyo, na nimemwambia kiboksi kibaki kwenye begi mpaka Mintaka itulie.