Dada Uliyeolewa Kagerankanda, Mpime Mwenyekiti Kabla ya Kura



Jumatano, tarehe 27 Novemba 2024, wenzetu wa Tanzania Bara walichagua wenyeviti wa vijiji, vitongoji na mitaa. Sisi tuliobaki visiwani uchaguzi huu hautugusi. Masheha wetu huteuliwa na Mkuu wa Mkoa, hakuna anayepanga foleni kumpigia sheha kura. Ndiyo maana tukisikia habari za mwenyekiti wa kijiji wengi wetu tunapita njia.

Lakini mabinti zetu wanaolewa bara, tena si Dar es Salaam na Tanga peke yake. Wapo waliofuatana na waume zao walimu, wauguzi na wafanyabiashara hadi milima ya Kigoma, Kasulu na Kibondo, wakafika na Kagerankanda. Ukijiandikisha kwenye daftari la wakazi, wewe ni mpiga kura, ugeni wako si hoja. Makala ya leo ni yako.

Biharusi tunamfunda mengi kabla hajatoka kwao. Tunamfunda usafi, udi, adabu kwa mama mkwe, na kutunza siri ya nyumba. Hatumwambii kwamba huko kijijini anakokwenda kuna kiti kimoja chenye neno zito juu ya shamba atakalolima. Si kiti cha mtendaji wa kijiji, huyo ni mwajiriwa wa serikali. Ni kiti cha mwenyekiti, na anayekikalia huchaguliwa kwa miaka mitano.

Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji, na mwenyekiti ndiye anayeongoza vikao vyake. Maombi ya kupewa ardhi yanapita hapo. Hati ya hakimiliki ya kimila inaanzia hapo, na inaweza kuandikwa jina la mume peke yake au majina ya mume na mke. Mume akitaka kuuza shamba kimyakimya, mara nyingi mnunuzi atataka muhuri na mashahidi wa kijiji. Mume akifariki na ndugu zake wakaja kudai kila kitu, mjane huanza kubisha hodi kwa mwenyekiti kabla hajamjua hakimu.

Na Kagerankanda si mahali ambapo ardhi ni jambo dogo. Watu wa huko ni wakulima wa mahindi, maharage na muhogo, na kwa miaka mingi wamekuwa na mvutano na hifadhi ya msitu wa Makere Kusini. Mwaka 2017 Rais John Magufuli aliagiza sehemu ya msitu huo itengwe kwa ajili ya wakulima. Wilaya hiyohiyo ya Kasulu ndiyo yenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996, kwa hiyo kuni, mashamba na masoko yanatazamwa na macho mengi. Pahala kama hapo, ardhi inapogawiwa, swali la mwanamke ni moja: jina linaloandikwa ni la nani?

Sheria iko upande wetu kuliko tunavyodhani. Mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi ya kijiji imetamkwa kuwa batili. Baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe 7, na 3 kati yao lazima wawe wanawake. Katika halmashauri ya kijiji, wanawake wasipungue robo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mume kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mke. Lakini sheria haitembei kwa miguu yake. Mwenyekiti mzuri anaisoma mbele ya watu, na mwenyekiti mbaya anaifungia kabatini.

Sasa utampimaje? Tuna mfano wa mwanamke ndani ya Qurani, katika Surat Al-Qasas. Nabii Musa (a.s.) alipofika Madyan, mmoja wa mabinti wawili alimshauri baba yake amwajiri, akataja sifa mbili: nguvu na uaminifu. Binti yule hakusema kwa kusikia. Alimwona Musa akiwanyweshea mifugo yao kisimani bila kudai malipo, kisha akarudi kukaa kivulini. Alipima kwa kitendo alichokiona. Na baba hakumwambia kwamba mambo haya si ya wanawake. Alimsikiliza.

Nguvu na uaminifu, zote mbili kwa pamoja. Hapo ndipo wagombea wengi wanapoangukia.

Yuko yule anayetetea kiti chake. Ana uzoefu, ofisi za Kasulu anazijua. Mpime kwa mkutano mkuu wa kijiji, unaotakiwa kuitishwa kila miezi mitatu na mapato na matumizi yakasomwa. Je, aliuitisha? Wanawake walipouliza, walijibiwa au walichekwa? Kama miaka mitano imepita na hujawahi kusikia hesabu ikisomwa, basi ahadi zake mpya hazina haja ya kupimwa.

Yuko kijana mwenye maneno matamu, mwenye duka au pikipiki kadhaa. Nguvu anayo. Uaminifu wake uutafute kwa waliomkopesha na waliomkopa, na kwa wanawake waliomuuzia maharage. Mtu anayepunja kwenye mizani ya debe hatapima mashamba kwa haki.

Na yuko mzee mcha Mungu asiyekula cha mtu, lakini hawezi kumwambia mwenye ng'ombe mia atoe mifugo yake kwenye mashamba ya wajane. Huyu anafaa kuwa msuluhishi na mshauri. Kiti kinahitaji anayeweza kusema hapana kwa mkubwa.

Akiwemo mwanamke, mpime kwa mizani ileile. Masheikh wana kauli zao kuhusu uongozi mkuu wa umma, na hatutaki kuingia humo. Lakini kusimamia kisima, zahanati, skuli na mipaka ya mashamba ni kazi ambayo mama zetu wameifanya siku zote bila cheo. Usimpe kura kwa sababu ni mwanamke mwenzio, wala usimnyime kwa sababu hiyo.

Kuna wanaosema, "Nitampa Muislamu mwenzangu." Tunaielewa hamu hiyo, hasa kwa aliye mgeni kwenye wilaya ambayo Waislamu ni wachache. Lakini Allah katika Surat An-Nisaa ametuamrisha kuzipeleka amana kwa wanaostahiki. Mgombea anayeswali na kuwadhulumu mayatima anauharibia Uislamu jina mbele ya majirani. Jirani Mkristo anayesoma hesabu hadharani na kumwandikia mjane shamba lake ameifikisha amana. Kati ya hao wawili, sisi kura yetu tungempa wa pili bila kusitasita.

Kuna na suala la mume. Dada mmoja wa bara anaweza kuambiwa, "Nyumba hii inampigia fulani." Shaurianeni, ndiyo ada ya nyumba njema. Msikilize, huenda anajua usilolijua. Lakini baadhi ya wanazuoni wanaifananisha kura na ushahidi, na ushahidi hautolewi kwa niaba. Kura ni ya siri. Siku ya Kiyama utaulizwa kwa mkono wako, si kwa mkono wake. Kumtii mume katika wema hakujaondoa hilo.

Na kilo ya sukari, kanga na elfu tano? Mtume (s.a.w.) amemlaani mtoa rushwa na mpokeaji. Anayekununua Jumanne atataka kurudisha fedha zake, na atazirudisha kwenye shamba lako. Usipokee. Wenye ushahidi wapeleke TAKUKURU.

Tusijidanganye kwamba mizani iko sawa kila mahali. Mwaka 2019 vyama vikubwa vya upinzani vilijitoa, na viti vingi vikapita bila kupingwa. Mwaka 2024 tena malalamiko ya wagombea wa upinzani kuenguliwa yalisikika. Huenda kijijini kwako limebaki jina moja tu. Hata hivyo usikae nyumbani: kanuni za mwaka 2024 zilitaka mgombea pekee apigiwe kura ya ndiyo au hapana. Hapana nayo ni jawabu. Tena karatasi ya mwenyekiti si peke yake. Unachagua pia mwenyekiti wa kitongoji na wajumbe wa halmashauri, wakiwemo wa kundi la wanawake. Wajumbe hao ndio watakaokuwa ndani ya chumba shamba lako litakapojadiliwa, na mara nyingi hatuyasomi hata majina yao.

Tumia wakati wa kampeni. Nenda kwenye mkutano mmoja, na stara yako, pamoja na wifi yako au jirani. Muulize mgombea maswali matatu mbele ya watu. Mkutano mkuu utauitisha lini? Wanawake watatu wa baraza la ardhi watapatikanaje? Hati ya shamba la mke na mume itaandikwa majina mangapi? Anayejibu kwa tarehe na majina, mweke akilini. Anayejibu kwa mzaha, umekwisha kumjua.

Mwaka 2024 vituo vilipangwa kufunguliwa saa 2 asubuhi. Swali Alfajiri, pika chai, uende mapema kabla jua halijapanda.

Tunamwomba Allah awape dada zetu wa Kagerankanda na kila kijiji viongozi wenye nguvu na uaminifu, na azihifadhi ndoa zao na mashamba yao. Amin.