Waulizeni Wazima

Nimefanya kazi ya bwana afya kwa miaka 31, sehemu kubwa vijijini mkoani Shinyanga, na kuna methali moja niliyoichukia kabla hata ya kustaafu: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Niliisikia ikitamkwa mbele ya nyumba ya bibi kizee na watu walioshika marungu.

Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha wiki ile. Ndani ya siku nne watoto saba wa kitongoji kimoja walishikwa na kuhara na kutapika, na wawili wakafariki. Nilipofika na baiskeli yangu asubuhi, jibu lilikuwa limeshapatikana: uchawi. Bibi anayekaa karibu na mbuyu ana macho mekundu. Aliwahi kugombana na jirani yake kwa ajili ya mbuzi. Na mtoto wa kwanza kuugua alipita kwake siku moja kabla, akapewa karanga. Kina baba walikuwa wanasubiri jua lizame tu.

Mwenyekiti alinivuta pembeni. "Bwana Afya, wewe gawa dawa. Haya mengine tuachie sisi."

Niliomba ruhusa nikamsalimie bibi kwanza.

"Mwangaluka, mayu," nikasema mlangoni. Aliitikia kutoka jikoni, nikainama nikaingia. Hapakuwa na dirisha. Nyasi za paa zilikuwa zimeshika masizi mpaka yananing'inia kama nyuzi nyeusi. Chini ya chungu yalikuwa yanawaka mabua ya mtama na mavi ya ng'ombe yaliyokaushwa, maana kule kuni ni adimu tangu zamani. Nilichuchumaa nikamuuliza anakula nini, anateka maji wapi, nani alimtembelea wiki ile. Ilikuwa kama dakika kumi. Nilipotoka, machozi yalikuwa yananitiririka na jicho halifumbuki.

Nikasimama mbele ya wale kina baba. "Nitazameni macho, wazee wangu. Mimi nimekaa humo dakika kumi. Mama huyu amepika humo miaka zaidi ya arobaini."

Hakuna aliyejibu, lakini hakuna aliyeondoka pia, na nilijua kwa nini. Moshi ulieleza macho ya bibi, haukueleza vifo vya watoto wawili. Wazazi wale walikuwa na haki ya kujua nini kimewaua watoto wao, na mtu aliyefiwa ukimnyang'anya jibu lake bila kumpa lingine, atalirudia lile lile usiku.

Basi nikaanza kupita nyumba kwa nyumba. Walitegemea niende kwa wagonjwa. Nilianzia kwa wazima, na wa kwanza alikuwa yule jirani wa ugomvi wa mbuzi. Boma lake limepakana na la bibi, uzio mmoja wa minyaa. Ana watoto sita. Wote walikuwa uani wanapukuchua mahindi, wazima kabisa. Kama hasira ya bibi ndiyo iliyokuwa inaua, hawa ndio wangekuwa wa kwanza kuzikwa.

"Mama, maji mnateka wapi?"

Shuleni, kwenye pampu. Mumewe ni mlinzi pale, na kila alfajiri anarudi na madumu mawili kwenye baiskeli. Wagonjwa wote saba walikuwa wanakunywa ya kisima cha bondeni, kisima cha wazi kisicho na ukingo. Nilishuka huko na mwenyekiti. Juu yake kuna kichaka, na kila mtu kijijini alijua watu wanaendea nini pale. Kutoka kichakani mpaka mdomoni mwa kisima mvua ilikuwa imechora michirizi kwenye udongo mwekundu, bado mibichi. Mwenyekiti aliitazama kwa muda mrefu, akapangusa uso kwa kofia yake.

Nimelifikiria tukio lile kwa miaka mingi, na jambo linalonisumbua zaidi ni kwamba hakuna aliyesema uongo. Macho yalikuwa mekundu kweli. Ugomvi ulikuwepo. Karanga zilitolewa. Kosa lilikuwa katika kuhesabu upande mmoja. Walikusanya yote yaliyolingana na walichokwisha kuamini, na hakuna aliyeuliza ni watoto wangapi wamewahi kula karanga za bibi yule na leo wanachunga ng'ombe, au ni wangapi wamegombana naye na bado wanakula ugali wao.

Chuoni tulifundishwa habari za daktari John Snow. Mwaka 1854 kipindupindu kilipolipuka mtaa wa Soho, London, madaktari wengi waliamini ugonjwa unatokana na hewa yenye uvundo. Snow alishuku maji ya pampu ya Broad Street. Aliwahesabu waliokufa, lakini akawatafuta pia waliopaswa kufa wasife. Karibu na pampu palikuwa na kiwanda cha bia chenye wafanyakazi zaidi ya 70, na hakuna hata mmoja aliyekufa kwa kipindupindu. Walikuwa wanapewa bia, na kiwanda kilikuwa na kisima chake. Nyumba ya maskini iliyokuwa hapo hapo ilikuwa na watu 535, wakafa watano tu, nayo ilikuwa na kisima chake. Hewa yao ilikuwa moja na ya majirani waliokuwa wanazikwa. Kisha kuna mjane aliyefariki Hampstead, mbali na mtaa ule. Watoto wake wakaeleza kwamba aliyapenda maji ya Broad Street na alikuwa akiletewa kila siku.

Ninayempenda zaidi katika habari ile ni mchungaji Henry Whitehead. Hakukubaliana na Snow, akaamua kupita nyumba kwa nyumba ili amkosoe. Kadiri alivyouliza ndivyo alivyozidi kuona kwamba Snow yuko sahihi, na ni yeye aliyegundua nyumba yenye mtoto mchanga aliyeugua mapema, ambayo maji ya kufulia nepi zake yalimwagwa kwenye shimo lililokuwa hatua chache kutoka kisima cha pampu ile. Alikwenda kutafuta cha kumpinga mwenzake, akarudi na kilichomthibitisha, na hakukificha. Watu wa namna hiyo tungekuwa nao wachache katika kila kijiji, bibi zetu wangelala.

Na kazi hii hufanyika hapa kwetu. Mwaka 2016 watu wa Chemba na Kondoa, na baadhi ya maeneo ya Manyara, walianza kuwa na manjano machoni na kuvimba matumbo. Takribani 20 wakafa. Wachunguzi walichukua mahindi kwenye nyumba za wagonjwa, wakachukua pia kwenye nyumba zisizo na mgonjwa, wakalinganisha. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, ilikuwa nyingi mno katika mahindi ya waliougua. Kenya waliyapitia hayo mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na jirani zake: wagonjwa 317, vifo 125, na chanzo ni mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu yakaota ukungu. Sumu ile haifi kwa kupikwa. Ungemchoma moto kila kikongwe wa wilaya, watoto wangeendelea kufa kwa sababu gunia lingebaki pale pale kwenye sakafu yenye unyevu.

Kwa hiyo nina ombi kwenu waandishi wa habari: acheni kuandika "ugonjwa wa ajabu." Neno "ajabu" likifika kijijini hutafsiriwa kuwa jina la mtu. Andikeni walikula nini, walikunywa nini, na nani alikula vingine akabaki mzima. Kwa viongozi wa vijiji, nimeshuhudia mikutano ikipiga kura ya siri kumtaja mchawi. Kura inahesabu midomo. Bibi anaweza kupata kura mia mbili na asiwe amefanya lolote, na wanawake wazee wengi wa Kanda ya Ziwa wamekatwa mapanga kwa hesabu ya aina hiyo. Anayesimama mkutanoni kumtaja mtu aulizwe kwa heshima, mbele ya wote, "Ndugu, umejuaje?" Kisha waitwe wazima, nao waulizwe.

Kisima kile tulikifunga siku ile ile kwa miiba, na watoto watano waliobaki walipona. Hakuna aliyekwenda kumwomba bibi radhi, wala sikuwahi kusikia kwamba alidai. Nilipopita tena baada ya wiki mbili, alikuwa amekaa nje kivulini mwa mbuyu. Mtoto mmoja wa jirani wa mbuzi alikuwa anavuka uzio na ndoo kichwani, maji ya pampu ya shule. Bibi alimwambia aiweke chini, akaingia ndani, akatoka na karanga kwenye kiganja. Mtoto aligeuka kumtazama mama yake kwanza. Mama akatikisa kichwa kukubali, naye akazipokea kwa mikono miwili.