Tusilihukumu Lori Kabla ya Kulipima



Lori la chama limekuwa gumzo la kila baraza. Hata katika foleni ya kituo cha kuuzia karafuu husikii ila habari ya gia zake: ya kwamba likipanda mlima na magunia injini hulia kwa nguvu, na gari lenyewe huenda mwendo wa kobe. Katika mkutano uliopita walisimama wanachama wakataka liuzwe kwa bei yo yote litakayopata. Wengine wakataka chama kitoe fedha, kiagize giaboksi nzima kutoka Dar es Salaam. Na fundi mmoja, aliyeliendesha kwa muda mfupi tu, alikwisha kata hukumu kwamba giaboksi imekufa.

Mimi siafikiani na rai yo yote katika hizo tatu, na kwa idhini ya Mhariri nitaeleza kwa nini. Fedha zinazotajwa ni makato ya wanachama, tena msimu umekaribia. Kila mchumaji ajua yanayotokea lori lisipofika: karafuu mbichi zikilala ndani ya gunia hupata joto, huvunda, na hata zikianikwa baadaye hutoka na rangi iliyofifia, zisipate daraja ya kwanza. Kwa hiyo kuuza lori zima kumbe ni zima ni hasara, na kununua giaboksi isiyohitajiwa ni hasara vile vile.

Kwanza tuelewane juu ya maana ya gia kuteleza. Katika lori la kawaida dereva hukanyaga klachi kwa mguu. Katika lori la otomatiki kazi hiyo hufanywa na mafuta. Nyuma ya injini pana chombo cha duara kiitwacho toki konveta, ambacho ndani yake mna mapanga mfano wa feni mbili zilizoelekezana. Moja huzungushwa na injini, nayo huyasukuma mafuta, na mafuta huizungusha ya pili. Mbele ya hapo, ndani ya giaboksi, mna mafungu ya sahani nyembamba ambazo hubanwa pamoja ili gia ishike, na kinachozibana ni nguvu ya mafuta yanayosukumwa na pampu. Pampu hiyo huzungushwa na injini. Mafuta hayo hayo ndiyo yanayolainisha, na ndiyo yanayotoa joto nje. Basi nguvu ya mafuta ikipungua, sahani hazibani sawasawa. Husuguana, hupata joto, na mwisho huungua. Dalili ya kuteleza ni kama homa. Humwambia tabibu kwamba pana ugonjwa, lakini haimwambii ni ugonjwa gani.

Yafaa pia tutofautishe kuteleza na uzito. Ikiwa injini inapaza sauti, mizunguko yake inapanda, na mwendo hauongezeki, hapo gia zinateleza. Walakini ikiwa injini yenyewe imezubaa, haipandi, na gari ni zito, ugonjwa huenda ukawa kwenye filta ya dizeli iliyoziba au breki zilizokamata. Nimewasikia wanachama wakiyachanganya mambo haya mawili katika malalamiko yao, na fundi akisikia neno "gia" hufungua gia. Na tukumbuke kwamba si kila lori lisilo na pedali ya klachi ni otomatiki ya namna hii. Isuzu Elf zenye mtambo wa Smoother, kwa mfano, zina gia mfano wa zile za kawaida ambazo hubadilishwa na mtambo badala ya mkono, na niyasemayo hapa hayazihusu.

Sasa tuje kwenye kipimo cha kwanza, ambacho hakigharimu hata senti moja: kijiti cha kupimia mafuta. Naomba kuuliza, ni nani kati yetu aliyekwisha kukiona kijiti hicho kikichomolewa msimu uliopita? Cha injini twakijua, hiki cha gia wengi hawakijui kipo wapi. Nacho hakipimwi kama cha injini. Kwa gari za Toyota na nyingine nyingi, gari yataka iwe imekwenda mpaka mafuta yamepata moto, isimame mahali tambarare, injini iwe inaunguruma, breki zimeshikwa, na dereva apitishe mkono wa gia katika nafasi zote pole pole kisha airudishe P. Ndipo kijiti hutolewa, kikafutwa kwa kitambaa safi kisichoacha nyuzi, kikarudishwa, kikatolewa tena na kusomwa kwenye alama ya moto. Gari za makampuni mengine zina desturi yao, hivyo kitabu cha gari ndicho hakimu. Mahali tambarare katika kisiwa hiki cha vilima si rahisi kupapata, lakini nawasihi msilipeleke lori juu ya sakafu ya kuanikia, maana tone moja la mafuta laweza kuharibu karafuu za jirani.

Mafuta yakiwa machache, pampu hunyonya hewa, na sahani hazibani. Yakiwa mengi kupita alama ni shida ile ile, kwa kuwa vyombo vinavyozunguka huyapiga mpaka yakatoa povu, na povu halina nguvu ya kusukuma. Kwa hiyo anayeona gia inateleza akaongeza lita moja kwa kubahatisha aweza kuongeza ugonjwa. Tena mafuta haya hayaungui yakaisha kama ya injini. Yakipungua, yamevuja: penye sili, penye gasketi ya sahani ya chini, au katika mipira inayopeleka mafuta kwenye rejeta kupozwa.

Baada ya kiasi, tuangalie rangi na harufu. Mafuta ya gia za otomatiki aghlabu huwa mekundu, na yakiwa mazima huonyesha nuru. Yakigeuka kahawia huwa yamezeeka. Yakiwa meusi na yananuka kuungua, sahani zimekwisha kula, na hapo nitakuwa wa kwanza kusema giaboksi ifunguliwe. Yakiwa na weupe wa chai ya maziwa, maji ya rejeta yameingia ndani, na gari isiwashwe tena mpaka rejeta itengenezwe. Jambo hili la mwisho si geni kwetu, kwa sababu madereva wengi hujaza rejeta maji matupu ya kisima, hata kutu ikaila kwa ndani.

Iko kauli ya mitaani ya kwamba giaboksi kuukuu ikibadilishwa mafuta hufa. Mimi naona kauli hii yageuza mambo. Watu husubiri mpaka sahani zimeungua, ndipo wakamwaga mafuta meusi na kutia mapya. Gari ikikataa siku ya pili, lawama huangukia mafuta mapya, hali sahani zilikwisha zamani. Lililo kweli ni kwamba mafuta yasiyo ya aina yake huleta madhara. Wapo wanaomimina cho chote chenye rangi nyekundu. Jina la aina inayotakiwa, kama Dexron au Type T-IV, huandikwa katika kitabu na mara nyingi juu ya kijiti chenyewe. Na mafuta yale mazito ya giaboksi za kawaida hayana mahali humo kabisa.

Kipimo cha pili nakitilia mkazo kuliko vyote, kwa kuwa ndicho kinachosahauliwa. Katika gari nyingi za Toyota za miaka ya 1980 na 1990 upo waya utokao kwenye koo la hewa la injini, au kwenye pampu ya dizeli, ukaenda mpaka ndani ya giaboksi. Waya huo huiambia giaboksi dereva amekanyaga mafuta kiasi gani, nayo huongeza nguvu ya kubana sahani kulingana na kazi. Ukilegea au ukichomoka, giaboksi hudhani gari haina mzigo, hubana kidogo tu, na sahani huteleza mlimani. Kuupima ni kazi ya watu wawili. Injini izimwe, mmoja akanyage pedali ya mafuta mpaka mwisho, wa pili atazame kishikizo kidogo kilichobanwa juu ya waya karibu na mdomo wa mpira wake: nafasi baina yao iwe kati ya sifuri na milimita 1. Ikizidi, nati za kurekebishia huzungushwa. Nawakumbusha wanachama kwamba lori letu lilifunguliwa injini mwaka jana, na waya huo hapana budi uliondolewa njiani. Sijaona katika karatasi za karakana mahali palipoandikwa kuwa ulipimwa uliporudishwa.

Cha tatu ni muda. Injini ikiwa ya moto na inaunguruma taratibu, breki ya mguu na ya mkono zimeshikwa, dereva atoe mkono wa gia N kwenda D, na mwenziwe ahesabu mpaka gari itakapostuka. Vitabu vya Toyota vyataka isizidi sekunde 1.2 kwa D, na sekunde 1.5 kwa R. Hupimwa mara tatu, na baina yake gari ipumzike dakika moja. Pande zote mbili zikichelewa, ugonjwa u katika nguvu ya mafuta kwa jumla: pampu, chujio lililoziba, au ule waya. Ikichelewa D peke yake au R peke yake, basi fundi hujua ni fungu gani la sahani la kulitazama. Hapa ndipo mwenye saa na daftari huwa na faida kumshinda mwenye maneno mengi.

Kipo na kipimo cha kukanyaga mafuta mpaka mwisho gari ikiwa imeshikwa kwa breki, ili kusoma mizunguko ya injini na kuilinganisha na kitabu. Hicho naomba vijana wetu wasikijaribu. Hakitakiwi kizidi sekunde 5, joto lake ni kubwa mno, na breki zikiachia gari huruka mbele. Kifanywe na fundi mwenye kujua, uwanja ukiwa mtupu. Afadhali zaidi afunge saa ya kupimia nguvu ya mafuta, akiwa nayo.

Tukiyapata majibu, yatupasa pia tuyatazame matendo yetu. Lori hili hupakiwa magunia, kisha juu yake watu na majamvi. Likiteremka mlima hutiwa nyutro eti kuokoa dizeli, kisha hurudishwa D lingali linakimbia, na sahani hushikwa kwa kishindo. Likisimama mlimani hushikiliwa kwa pedali ya mafuta badala ya breki, na toki konveta hupika mafuta bure. Na siku ile lilipozimika lilivutwa kwa kamba, magurudumu ya nyuma chini, mpaka mjini. Injini ikiwa imezimwa pampu haizunguki, na giaboksi huzunguka kavu. Ilikuwa lifunguliwe propela shafti kwanza, kazi ya boti nne tu.

Wazee waliosema tuuze tununue lori la gia za mkono nawaheshimu, na huenda siku moja nikawaunga mkono, kwani mafundi wa gia za mkono ni wengi na vipuri vyake ni rahisi. Lakini lori linaloteleza halipati mnunuzi ila wa vyuma chakavu. Ikiwa ugonjwa ni waya au lita mbili za mafuta, tutakuwa tumempa mnunuzi zawadi, naye atapita mbele ya vituo vyetu akibeba karafuu kwa kodi.

Kwa hiyo naleta pendekezo mbele ya kamati: isitolewe fedha yo yote ya giaboksi, wala lori lisitangazwe kuuzwa, mpaka vipimo hivi vitatu viandikwe katika daftari na kutiwa sahihi na dereva, fundi na wanachama wawili. Mafuta yakionekana yameungua, nitapiga kura ifunguliwe. Vipimo vitafanywa Jumamosi hii baada ya sala ya alasiri, nyuma ya ofisi. Dereva atalizungusha lori kwanza hadi lipate moto. Ninahitaji mtu mwenye saa ya kuhesabu sekunde kwa nukta zake, na kitambaa cheupe kisafi.