JE, TUNAMWAMINI MUNGU AU TUNAMTAJA TU?

Nimeshika kalamu leo ili tujadiliane juu ya jambo ambalo tunalisema kila siku lakini kulitenda ni nadra kama maziwa ya kuku. Jambo lenyewe ni kumwamini Mungu na kumtii.

Sisi Wakenya tunapenda kumtaja Mungu. Matatu zimeandikwa jina lake, maduka yanaitwa Baraka na Neema, na Jumapili makanisa hujaa mpaka watu wanasimama nje. Shuleni tunaomba gwarideni, tunaomba kabla ya chakula, na wanachama wa Umoja wa Wakristo hukutana kila wiki. Tukiulizwa ni nani anayemwamini Mungu, sote tutainua mikono, hata wale wa viti vya nyuma ambao kwa Hisabati hawainui mkono kamwe.

Lakini ukitaka kujua kama mtu anamwamini Mungu, mtazame siku ambayo kutii kutamgharimu kitu. Hapo ndipo mbivu na mbichi hujulikana. Maoni yangu ni haya: mtu anayemwomba Mungu ampe matokeo mema, kisha akaiacha njia ya Mungu ili ayapate, huyo hajamwamini. Amemtaja tu.

Hebu tuanze na mtihani, kwa sababu hapo ndipo kidonda chetu kilipo. Kila mwanafunzi wa Kenya anajua mwakenya ni nini. Ni kile kijikaratasi kilichoandikwa kwa maandishi madogo kama sisimizi, kikafichwa kwa soksi au ndani ya kikokotoo. Inasemekana jina hilo lilitokana na chama cha siri cha Mwakenya cha miaka ya 1980, ambacho karatasi zake zilipitishwa kwa kificho. Basi siku ya maombi ya watahiniwa inafika. Mchungaji anaalikwa, wazazi wanakuja, kalamu zinainuliwa juu na kuombewa. Watu wanalia machozi. Halafu siku ya karatasi ya kwanza, mwenye kalamu iliyoombewa anaingia na mwakenya kwa soksi! Jameni, kalamu hiyo iliombewa iandike nini? Inakili?

Msidhani nasema uvumi tu. Katika mtihani wa KCSE wa mwaka wa 2015, matokeo ya watahiniwa 5,101 yalifutwa kwa sababu ya udanganyifu. Mwaka uliofuata serikali ilikaza kamba. Wizara ya Elimu ilipiga marufuku hata siku za maombi katika muhula wa tatu, ziwe njia mojawapo ya kuzuia wizi wa mtihani. Matokeo ya 2016 yalipotoka, waliopata alama ya A nchini kote walikuwa 141, ilhali mwaka wa 2015 walikuwa zaidi ya 2,600. Hebu fikiria aibu hiyo. Ibada ya Wakristo ilihesabiwa pamoja na mianya ya wizi. Wengine walilalamika kwamba serikali inapiga vita dini. Mimi naona sisi wenyewe ndio tulioipa serikali sababu.

Tena ubaya wa mwakenya hauishii kwa kuvunja sheria ya Baraza la Mitihani. Mwakenya ni sala. Ndiyo, ni sala, ila imegeuzwa. Anayeibeba ni kama anamwambia Mungu, "Bwana, wewe ni mkuu na uliumba mbingu na nchi, lakini kwa hii Kemia wacha nijipange mwenyewe." Mdomo unasema naamini, soksi inasema siamini.

Nimesikia hoja mbili za kutetea jambo hili, na ni haki tuzijibu.

Hoja ya kwanza ni ile ya "jisaidie, Mungu akusaidie". Wengi husema ati maneno hayo yamo kwenye Biblia. Tafuta kutoka Mwanzo hadi Ufunuo, hutayapata. Hata tukiyakubali, mwanafunzi hujisaidia kwa kusoma. Kumwamini Mungu si kukaa kitako na kungoja miujiza. Simoni Petro alikesha usiku kucha akivua samaki bila kupata kitu, na Yesu alipomwambia ashushe nyavu tena, alizishusha, ingawa yeye ndiye aliyekuwa mvuvi na aliyemwagiza alilelewa na seremala. Habari hiyo imo katika Luka sura ya 5. Petro alifanya kazi, na alitii. Hakwenda kuiba samaki wa jirani halafu akashukuru kwa baraka.

Hoja ya pili ni nzito zaidi na siipuuzi. Mwenzangu mmoja aliniambia, "Wewe hubiri tu. Sisi ni wa shule ya kutwa. Mtu anatembea kilomita nne, akifika nyumbani anachota maji, anapikia wadogo wake, saa nne usiku ndipo anafungua kitabu, na stima imepotea. Wa shule kubwa wana maabara na walimu wa kutosha. Bila C+ hakuna chuo kikuu. Mama anauza sukumawiki ili mimi nisome. Nikianguka, nitamwambia nini?"

Anayesema hivyo hatanii. Nami sina jibu rahisi la kumpa. Siwezi kumwahidi kwamba akiukataa udanganyifu Mungu atampa A. Huenda akapata C kavu, na jirani yake aliyeiba akapata B na kupigiwa vigelegele. Wahubiri wengine hawapendi kulisema jambo hili, lakini Biblia yenyewe hailifichi. Shadraka, Meshaki na Abednego waliposimama mbele ya tanuri la moto, walimwambia mfalme kwamba Mungu wao anaweza kuwaokoa, na kwamba hata asipowaokoa, sanamu hawataiabudu. Soma Danieli sura ya 3. Hawakufanya biashara na Mungu ya nipe nikupe. Imani inayotii pale tu panapokuwa na faida ni hesabu ya duka.

Isitoshe, huyo mama wa sukumawiki anastahili nini? Anaamka saa kumi alfajiri, anabeba magunia mgongoni, analipa karo kidogo kidogo. Jasho lake ni la kweli. Je, ni haki tumrudishie cheti cha uongo? Afadhali C ambayo anaweza kuionyesha popote kuliko B ambayo mwenyewe anaificha moyoni. Njia ya mwongo ni fupi. Daktari aliyeiba mtihani atamwibia nani jibu mgonjwa akiwa kitandani?

Sasa tutoke kwenye chumba cha mtihani, kwa maana huko tunaingia mara chache na maisha ni ya kila siku. Mathalani, umepanda matatu, ukampa makanga noti ya mia mbili, naye kwa haraka akakurudishia chenji ya mia tano. Wengi watashuka wakicheka, "Leo Mungu amenikumbuka!" Na yule makanga jioni akihesabu pesa mbele ya mwenye gari na kukuta upungufu, Mungu amemsahau? Ama nenda sokoni umtazame muuza mahindi. Gorogoro yake imebonyezwa chini ili ijae upesi. Juu ya meza ameweka Biblia, chini ya mahindi ameweka wizi. Kitabu cha Mithali kinasema wazi kwamba mizani ya udanganyifu ni chukizo kwa Bwana. Gorogoro nayo ni mizani.

Kuna watu katika Afrika Mashariki waliolielewa jambo hili kuliko sisi. Katika miaka ya 1930 Uamsho ulianza Gahini, nchini Rwanda, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika. Waliookoka katika Uamsho huo hawakuimba tu. Walijulikana kwa kurudisha vitu walivyoiba, kulipa madeni waliyoyakwepa, na kuwaomba msamaha watu waliowakosea. Jirani angeshangaa kumwona mtu mlangoni mwake akileta mali ambayo mwenyewe alishaisahau. Hapo hata asiyekwenda kanisani alijua kwamba kuna jambo limetendeka.

Katika Uamsho huohuo, mwaka wa 1948, aliokoka kijana mmoja mwalimu wa Uganda, Janani Luwum. Baadaye akawa Askofu Mkuu. Wakati wa utawala wa Idi Amin, yeye na maaskofu wenzake walilalamikia mauaji yaliyokuwa yakifanyika nchini, na mwezi wa Februari 1977 akauawa. Naamini mtu hawi jasiri kwa siku moja. Samaki mkunje angali mbichi. Anayejizoeza kurudisha chenji ya makanga leo ndiye anayeweza kumwambia mtawala ukweli kesho.

Lakini hapa nataka kutoa tahadhari. Kutii Mungu si kumtii kila mtu anayesema ametumwa na Mungu. Sote tunakumbuka msitu wa Shakahola katika kaunti ya Kilifi, ambako mwaka wa 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, ya watu walioambiwa wafunge mpaka kufa ili wamwone Yesu. Wengi walikuwa watoto. Utiifu wa namna hiyo ni kufumba macho. Wayahudi wa Beroya, katika Matendo ya Mitume sura ya 17, walisifiwa kwa sababu walimsikiliza Paulo halafu wakachunguza Maandiko wenyewe kama mambo ndivyo yalivyo. Ikiwa Paulo alichunguzwa, sembuse wahubiri wa siku hizi? Mungu alitupa imani na akili pia.

Basi tufanye nini? Kwanza, karibu na mtihani kila mwaka husikika minong'ono, "Toeni mia tatu mia tatu, kuna mtu ana karatasi kwa simu." Mara nyingi karatasi zenyewe huwa bandia na pesa huliwa, lakini hata zingekuwa za kweli, Mkristo asitoe hata ndururu. Pili, siku ya maombi iwe pia siku ya kiapo. Kabla kalamu haijaombewa, mwenye kalamu asimame na kuahidi kwamba itaandika kilicho kichwani mwake tu. Asiyeweza kuahidi, aiache kalamu yake mfukoni. Tatu, wazazi wetu, nawaomba kwa heshima na taadhima: wako miongoni mwenu wanaotoa pesa hizo za karatasi. Mkitulipia uongo Jumatatu, msituombee ukweli Jumapili. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Wenzangu wa kidato cha tatu, mwakani ni zamu yetu. Tutaomba, na ni vizuri tuombe. Ila tukishasema amina, tuingie katika chumba cha mtihani na kalamu, rula na dhamiri safi, tuandike tunachokijua, tusichokijua tukiache wazi. Ile nafasi iliyobaki wazi, Mungu anaisoma pia.

 

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu